Shangwe zote zile za Wajackoyah zilikwenda wapi?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msichana wa Kisauni, Mombasa. Kura yangu ya kwanza niliipiga Agosti 2022, nikampa Profesa George Wajackoyah. Mtaani kwetu vijana karibu wote tulikuwa tukimtaja yeye, tukitumiana video zake na kupokezana ile kauli yake ya "Tingiza Mti" mpaka ndani ya matatu. Matokeo yalipotoka akawa na kura elfu sitini na kitu nchi nzima. Nyumbani nilichekwa. Kaka yangu ni wa Azimio, muungano wa Raila Odinga, na mpaka leo huniambia nilitupa kura, tena nilimsaidia Ruto. Rafiki zangu nao wanashikilia kwamba kura zetu ziliibwa. Sasa 2027 inakuja na wako wagombea wengine wapya. Naomba unieleze bila kunipendeza: zile shangwe zilikwenda wapi, na je, mimi nilitupa kura?

Jibu

Marahaba, binti yangu. Nitaanza na hilo la wizi. Kama kura zenu ziliibwa kweli, hayo mengine yote hayana haja ya kujadiliwa.

Matokeo aliyotangaza mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, IEBC, pale ukumbi wa Bomas, Nairobi, tarehe 15 Agosti 2022 yalikuwa haya: William Ruto 7,176,141, marehemu Raila Odinga 6,942,930, George Wajackoyah 61,969, David Mwaure 31,987. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Chukua kura za Profesa uzigawanye kwa vituo hivyo, utapata kura moja na kidogo kwa kila kituo. Kwa wastani kila kituo kilikuwa na kura halali mia tatu na kitu. Maana yake ni kwamba katika mlolongo wa watu mia tatu waliosimama asubuhi ile, mtu wa Wajackoyah alikuwa mmoja, au wawili. Mkiwa marafiki watano mliompigia katika chumba kimoja, lazima mjione jeshi. Na kwa kituo chenu mlikuwa wengi kweli, maana mlizidi wastani wa nchi mara tatu na zaidi. Lakini ndani ya mia tatu, watano hawaonekani.

Nimekaa katika vyumba vya kuhesabia kura kama mwangalizi, na ningependa ujue kinachofanyika mle ndani, kwa sababu vijana wengi hupiga kura wakaenda zao. Saa kumi na moja jioni mlango ukishafungwa, masanduku humwagwa mezani, mara nyingi ni madawati ya darasa yaliyounganishwa. Msimamizi wa kituo huinua karatasi moja moja, huielekeza kwa maajenti, yaani wawakilishi wa wagombea, hutaja jina, kisha karatasi huwekwa kwenye rundo lake. Marundo mawili hupanda haraka. Inapotokea karatasi ya mgombea wa pembeni, chumba huchangamka kidogo, mtu hucheka, mwingine huuliza kwa sauti "huyu ni nani?", kisha kazi huendelea. Hakuna ajenti wa chama kikubwa mwenye sababu ya kuificha karatasi hiyo. Anachochunga yeye ni isije ikaangukia kwenye rundo la mpinzani wake. Ajenti wa upande wa pili naye yuko pale akichunga hilo hilo. Mgombea mdogo asiye na ajenti wake hulindwa na kutoaminiana kwa wale wawili wakubwa. Si ulinzi kamili, lakini upo.

Mwisho wa kuhesabu hujazwa fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo. Maajenti hutia sahihi, nakala hubandikwa mlangoni, na picha yake hutumwa moja kwa moja. Mwaka 2022 IEBC ilifanya jambo lililostahili kupongezwa: fomu hizo ziliwekwa kwenye tovuti ya umma, mtu yeyote akaweza kufungua ya kituo chake. Swali ninalowauliza rafiki zako ni hili: kuna hata mmoja aliyekwenda kuisoma ile iliyobandikwa mlangoni? Kama mlikuwa watano na fomu inasema sifuri, hiyo ni hoja nzito na ilipaswa kupelekwa mbele. Kama inasema watano au saba, basi kura zenu zilihesabiwa, hata kama jibu linauma. Ile vurugu iliyotokea baadaye, makamishna wanne kujitenga na matokeo na kesi kufika Mahakama ya Juu, ilihusu kura za Ruto na Raila. Mahakama iliyathibitisha matokeo tarehe 5 Septemba.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba hamkuibiwa. Shangwe zilipotea kabla ya karatasi kuingia sandukuni, na zilipotea njiani sehemu kadhaa.

Ya kwanza ni simu zenyewe. Video inapotazamwa, hesabu haiulizi kama mtazamaji ana kitambulisho, kama amefika miaka 18, kama amejiandikisha, wala kama yuko Kenya. Profesa alipozungumza juu ya kuhalalisha bangi ili kulipa deni la taifa, kufuga nyoka kwa ajili ya sumu, wiki ya kazi ya siku nne na kuwanyonga wala rushwa, alichekesha na kushangaza watu wa kila namna. Wachache kati yao walikuwa wapiga kura. Na hapa pana takwimu inayonisikitisha kila ninapoitaja. Vijana wa miaka 18 hadi 35 walikuwa karibu asilimia 40 ya waliojiandikisha mwaka 2022, na idadi yao ilikuwa imepungua ikilinganishwa na 2017, ilhali nchi imejaa vijana wapya waliotimiza umri. IEBC ilipoendesha shughuli ya kuandikisha watu kwa wingi, makarani walikaa kwenye vituo vingi wakisubiri watu ambao hawakutokea. Kundi lililompenda zaidi Wajackoyah ndilo hilo lililokuwa linajitoa kwenye daftari.

Ya pili ni mashirika ya kura za maoni. Mwezi wa Juni na Julai baadhi yalimweka Profesa kwenye asilimia 4 hivi, na magazeti yakaanza kuandika kwamba atailazimisha nchi kurudi debeni kwa duru ya pili. Zile za mwisho kabla ya uchaguzi zilikwisha kumshusha chini ya asilimia 3, na siku yenyewe akaishia asilimia 0.44. Watu walipoona pengo hilo walisema kura za maoni ni uongo. Mimi sisemi hivyo. Mtu akipigiwa simu akaulizwa "ungempigia nani leo?", jibu lake halimgharimu kitu. Anaweza kulitumia kutoa hasira zake kwa wale wakubwa wawili. Siku ya kura ni nyingine. Umesimama kwenye foleni tangu alfajiri, nyuma yako mama, mbele yako mzee wa mtaa, na kichwani kuna swali moja tu: kati ya hawa wawili, ni yupi ninayemwogopa zaidi? Hapo ndipo mgombea wa pembeni huachwa, hata na mtu anayempenda kwa dhati. Nimewasikia wengi wakisema hivyo waziwazi, na siwalaumu. Kwa Mkenya wa kawaida uchaguzi wa urais umehusishwa kwa muda mrefu na nani atapata barabara na nani atakosa, na baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 umehusishwa hata na usalama wa nyumba yake.

Ya tatu ni chama chenyewe, na hapa lazima niseme ukweli kuhusu mgombea wako. Tunapiga kura sita kwa siku moja: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na MCA, yaani mwakilishi wa wadi. Anayemfikisha mgombea urais mlangoni kwa bibi yako ni yule anayegombea u-MCA, kwa kuwa yeye ndiye anayejua bibi yako anakaa wapi, nani alifiwa, nani ana mgonjwa. Chama chake cha Roots kilikuwa na watu wachache mno wa namna hiyo. Maajenti nao hawaji bure. Ukitaka mtu mmoja katika kila kituo, na umpe shilingi 1,000 tu ya nauli na chakula, unahitaji zaidi ya shilingi milioni 46 kabla hujalipia bango hata moja. Tarehe 26 Julai ulifanyika mdahalo wa urais katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki kule Karen, nafasi ya bure ya kusikika na nchi nzima. Profesa alifika, akakataa kushiriki kwa sababu alitaka wagombea wote wanne wasimame pamoja, akaondoka. Hoja yake ilikuwa na haki ndani yake, maana kuwagawa wagombea kwa madaraja kulingana na kura za maoni ni kumhukumu mtu kabla hajasikilizwa. Lakini mdahalo wenyewe ulimpita. Kisha siku chache kabla ya kura yeye na mgombea mwenza wake, Justina Wamae, wakatofautiana hadharani, huku kukiwa na madai kwamba Profesa amemuunga mkono Raila. Mpiga kura aliyekuwa anasitasita alihitaji kisingizio, akapewa.

Hilo la uvumi wa dakika za mwisho si geni. Wangari Maathai alipogombea urais mwaka 1997, habari zilienea wakati wa kura kwamba amejiondoa, na hakuwa amejiondoa. Alipata kura chache sana. Miaka mitano baadaye watu wa Tetu walimpeleka bungeni kwa kishindo, na mwaka 2004 akatunukiwa Nobel ya Amani. Nchi haikuwa imemdharau Wangari. Ilikuwa imempima kwa swali moja finyu, la nani anaweza kumwondoa Moi, ikamwona hawezi.

Sasa usidhani kwamba ni bangi na nyoka vilivyomwangusha Wajackoyah. Watu wengi husema hivyo, nami nawapinga. Rudi 2013. Mohamed Abduba Dida, mwalimu wa shule ya upili ambaye wengi hawakuwahi kumsikia, aliingia kwenye midahalo ile ya Februari dakika za mwisho, akazungumza kwa utani na uadilifu mpaka nchi ikampenda. Alipata kura 52,848. Peter Kenneth naye aligombea mwaka huo huo. Alikuwa mbunge, mtu wa mipango, mwenye kampeni nadhifu na fedha za kutosha, na vijana wa mjini walimsifu sana. Alipata 72,786. Martha Karua, waziri wa zamani mwenye rekodi ya miaka mingi, alipata 43,881, chini ya mwalimu Dida. Unaona? Mchekeshaji na msomi, mwenye fedha na asiye nazo, wote waliishia chini ya asilimia 1. Mlango waliogonga ulikuwa ule ule, umefungwa na mapambano ya watu wawili wenye kambi kubwa za kikanda. Dida aliporudi tena 2017 alipata pungufu ya zile za kwanza, kama elfu 38 hivi, ingawa sasa kila mtu alimjua.

Nije kwa kaka yako, maana nadhani neno lake ndilo linalokuuma zaidi. Anasema ulimsaidia Ruto. Tuhesabu. Tofauti kati ya Ruto na Raila ilikuwa kura 233,211. Kura zote za Wajackoyah na Mwaure ukizijumlisha ni 93,956. Mpe Raila zote, asibaki hata mtu mmoja, atafika 7,036,886, na Ruto atabaki mbele yake kwa zaidi ya laki moja na elfu thelathini, akiwa na asilimia ile ile 50.49. Kwa hiyo hakuna njia yoyote ambayo wewe na wenzako mlimpokonya Raila urais. Nasisitiza hili kwa sababu baada ya kila uchaguzi ulioshindwa kwa karibu, watu walioumia hutafuta mdogo wa kumbebesha lawama, na anayebebeshwa huwa ni yule yule aliyekwisha kuchekwa.

Lakini hesabu haikomei hapo. Katiba yetu, kifungu cha 138, inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura, pamoja na robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Asipofikisha, wawili wa juu hurudi debeni ndani ya siku 30. Duru ya kwanza iliwekwa hivyo ili mtu apige kura ya moyo wake bila hofu, akijua kuna duru ya pili ya kuchagua kati ya wawili. Ruto alivuka nusu kwa kura 69,627 tu. Kama watu 69,628 kati ya waliompigia yeye wangemwendea mgombea mwingine yeyote, tungerudi debeni. Au kama watu 139,255 zaidi, waliokuwa kwenye daftari wakakaa nyumbani, wangejitokeza na kumpigia yeyote asiye Ruto, awe Raila, Wajackoyah au Mwaure, tungerudi debeni pia. Nchi nzima waliojiandikisha na hawakupiga kura walikuwa karibu milioni 7.8.

Na Mombasa yenu? Kaunti ilikuwa na wapiga kura 641,913 waliosajiliwa, na ilikuwa ya mwisho nchini kwa waliojitokeza, chini ya asilimia 45. Zaidi ya laki tatu walibaki majumbani. Sababu moja naijua vizuri: usiku wa kuamkia siku ya kura mlitangaziwa kwamba uchaguzi wa gavana Mombasa umeahirishwa kwa sababu karatasi zilichanganywa, na wengi wakaona hakuna haja ya kwenda kwa ajili ya karatasi tano. Lakini sababu hiyo haiwezi kubeba laki tatu. Ndani ya hao waliokaa nyumbani kulikuwa na maelfu waliokuwa wakitingiza mti nanyi kwenye matatu, na maelfu ya watu wa Azimio pia. Hao wa Mombasa peke yao walizidi mara mbili ile idadi iliyohitajika kuirudisha nchi debeni. Kaka yako akitaka kujua kilichomnyima Raila nafasi ya pili, aangalie majirani waliolala siku ile. Dada yake aliamka akaenda kituoni.

Kwa hiyo hapana, hukutupa kura. Uliitumia pale pale ambapo Katiba ilitaka itumike. Tatizo ni kwamba wengine waliokuwa na moyo kama wako hawakuja, au walikuja wakaogopa.

Hili la kuchekwa nataka nilizungumze kidogo zaidi, kwa sababu naona watu wazima wanalichukulia kama mchezo. Kabla ya kura tulimcheka mgombea. Yeye mwenyewe alijitoa achekwe, alijua kicheko kinafungua masikio, na ndani ya kicheko alitia mambo mazito: deni la nchi, wizi wa mali ya umma, vijana wenye digrii wanaozurura. Baada ya kura kicheko kilihama, kikamwangukia mpiga kura. Vichekesho vya kwenye simu wiki ile havikuuliza kwa nini watu 61,969 walichoka na wakubwa kiasi cha kufanya vile. Viliuliza "nyinyi mlikuwa mmevuta nini?" Huo ni utani wenye kazi. Unamfundisha mtu kwamba akitoka nje ya kambi ya nyumbani ataaibishwa, na kijana aliyeaibishwa kwenye kura yake ya kwanza mara nyingi hana haraka ya kuipiga ya pili. Halafu wazee wale wale wanauliza kwa nini vijana hawajiandikishi. Juni 2024 vijana hao hao walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na tarehe 25 baadhi yao wakaingia bungeni. Watu wengi walikufa katika maandamano hayo. Hasira iliyochekwa 2022 haikuwa imeondoka, na gharama ya kuipuuza tuliiona.

Je, mgombea wa nje anaweza kugeuza shangwe kuwa kura? Anaweza, na hatuna haja ya kwenda mbali kumtafuta. Uganda, Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, alikuwa mwanamuziki wa mtaa wa Kamwokya, Kampala. Hakuanzia urais. Mwaka 2017 aligombea uchaguzi mdogo wa ubunge Kyadondo Mashariki akiwa mgombea huru, akashinda. Akatumia jina lake kuwapigia debe wagombea wa chaguzi ndogo nyingine, akajua nani anaweza kusimamia kura na nani anaongea tu. Ndipo akachukua chama, NUP, na Januari 2021 akapewa kwa hesabu rasmi asilimia 35, huku intaneti imezimwa na askari wamezingira nyumba yake. Yeye aliyakataa matokeo hayo. Pamoja na yote hayo chama chake kiliibuka kikubwa kuliko vyote vya upinzani bungeni, na Buganda ilimfuata karibu yote. Nigeria nayo mwaka 2023, Peter Obi akiwa na chama kidogo alipata kura zaidi ya milioni 6 na kumshinda Bola Tinubu Lagos kwenyewe, ingawa Obi alikuwa amewahi kuwa gavana wa Anambra, kwa hiyo mgeni kamili wa siasa hakuwa. Wote wawili hawakushinda urais. Lakini baada ya matokeo hakuna aliyewacheka watu waliowapigia. Walikuwa na eneo la nyumbani lililosimama nao, na kwa Bobi Wine kulikuwa pia na mamia ya watu waliogombea nafasi za chini kwa tiketi yake. Wajackoyah hakuwa na hilo hata kwao Matungu, Kakamega.

Kuhusu 2027, kura ni tarehe 10 Agosti, Jumanne ya pili ya mwezi kama Katiba inavyosema. Jaji Mkuu mstaafu David Maraga na Seneta Okiya Omtatah wa Busia ni miongoni mwa waliokwisha kutangaza nia bila kutoka kwenye zile kambi kuu. Raila, aliyeshika upande mmoja wa mizani kwa uchaguzi baada ya uchaguzi, ametutoka Oktoba 2025, na bado haijakaa wazi kura zake za Pwani zitakwenda wapi. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu uwanja uko wazi kidogo. Sikwambii umpigie nani, hilo ni lako. Ila mtu wa mgombea yeyote mpya akija Kisauni, usimuulize sera peke yake, maana sera nzuri wanazo wote. Muulize nani anagombea u-MCA hapa kwa tiketi yenu, na kama yupo, anakaa mtaa gani. Muulize mmekwisha kupata maajenti wangapi wa Mombasa, nani atawalisha siku hiyo, na nani atawafundisha kuisoma fomu 34A. Muulize mgombea wenu ataingia kwenye mdahalo hata akiwekwa daraja la chini, na kama yeye na mgombea mwenza wamekubaliana kubaki pamoja mpaka mwisho. Akiwa na majibu, mpe muda wako. Akikuonyesha tu idadi ya watazamaji wa video, mwambie arudi akiwa na orodha ya maajenti.

Na wewe mwenyewe, kagua kama jina lako bado liko kwenye daftari na kituo ni kile kile, kisha uwapeleke wale rafiki zako wakajiandikishe. Mmoja wenu ajitolee kuwa ajenti. Chama kisipomlipa, mchangie nauli nyinyi wenyewe.